Roshani ya Ndani, Roshani ya Bahari

Jirani anasema hivi, na mimi nayaleta kama alivyoyamwaga: alikuwa anapita zake mbele ya ofisi ya safari, hana hili wala lile, upepo ukapeperusha pazia la dirisha na jicho lake likaingia ndani lenyewe. Humo akamwona Mzee Vioo, mume wa mtu, baba wa mtu, amelala chali sakafuni. Kando yake, bega kwa bega, amelala mwanamke kijana mwenye gauni la njano. Mlango umefungwa. Mchana kweupe.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Pazia Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Mkasi ulikuwa umemtoka mkononi, na kitambaa cha mteja kimekatwa pasipotakiwa.

"Rudia," alisema.

"Nirudie mara ngapi, shoga? Chali! Kama samaki walioanikwa. Na mzee anacheka."

"Anacheka?"

"Meno yote nje. Mimi siongezi chumvi, wewe unanijua."

Alimjua. Mtaa mzima humwita Redio, kwa kuwa hazimwi, na chumvi ndiyo biashara yake. Lakini hata redio mbovu hushika stesheni siku moja moja.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, shika haya machache usije ukapotea. Mama Pazia hushona mapazia. Mumewe alikuwa fundi wa kufunga vioo vya madirisha, na watu huwatania kwamba mume hufungua, mke hufunika. Kampuni ya vioo ilipomuaga baada ya miaka thelathini haikumpa saa ya ukutani kama wenzake. Ilimpa safari ya siku saba ya watu wawili, katika meli kubwa ya kitalii, chumba chenye roshani. Meli wachague wenyewe.

Mama Pazia alichagua kabla mumewe hajavua viatu. Alichagua ile anayofanyia kazi binti yao wa pekee, waliyempa jina la utani Kimulimuli, anayetandika vitanda vya abiria mwaka wa tano sasa. Mwaka wa tano pia baba yake hajamsemesha.

Ilibaki kuchagua roshani, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mama anataka chumba cha roshani ya ndani, inayotazama katikati ya meli. Kimulimuli anahudumia ghorofa ya tisa, upande wa ndani, vyumba kumi na vinne, na mhudumu haruhusiwi kukanyaga chumba kisicho chake. Wakikaa kwingine watamwona mtoto kwa mbali, kama picha. Mzee anataka roshani ya bahari. Wiki tatu hawajakubaliana, na leo saa kumi jioni orodha inafungwa.

Mama Pazia akavuta kanga yake kwenye kiti.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Redio.

"Kuona."

"Nakusindikiza. Si umbea, shoga. Mtu huhitaji shahidi."

Njiani miguu ya Mama Pazia ilisema kuliko mdomo wake. Alimpita muuza mkaa bila salamu. Alivuka barabara pasipo pa kuvukia. Kichwani alikuwa anahesabu dalili, na dalili zilikuwa nyingi kuliko vidole.

Miezi mitatu sasa mume wake hamtazami usoni. Akimsemesha, macho yanapita begani kwake, kana kwamba nyuma yake amesimama mwingine mzuri zaidi. Ananyoa ndevu kila asubuhi na kujikata kidevu. Hunyoi hivyo kwa ajili ya mke uliyeishi naye miaka ishirini na saba! Kila mchana anatoka "kunyoosha miguu." Juzi alirudi shati limegeuzwa nje ndani.

"Shati limegeuzwa!" Redio alishika kiuno alipoambiwa. "Na wewe ukanyamaza?"

"Nililigeuza nikalifua."

"Wewe mwanamke una subira ya punda."

Ofisi ya safari ilikuwa chumba kimoja chenye meza, feni na mabango ya meli. Mama Pazia hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa bega, akaingia, na Redio akaingia kwa kishindo nyuma yake.

"Simameni!" ilipiga kelele sauti ya kike. "Mama, tafadhali, umekanyaga bahari!"

Redio aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Katikati ya sakafu amepiga magoti msichana wa gauni la njano, chaki mkononi, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Peke yake. Sakafu nzima ilikuwa imechorwa mistari, myeupe na ya buluu, kama uwanja wa mchezo usiojulikana.

"Mume wangu yuko wapi?" Mama Pazia aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini, na wanaomjua huiogopa hiyo kuliko ya juu.

Msichana akasimama, uso umechangamka.

"Ametoka sasa hivi. Kumbe wewe ndiye Mama Pazia? Amekusifu hapa mpaka nimechoka! Karibu, mama. Karibu kitandani."

"Umemsikia?" Redio alinong'ona kwa sauti ya kufika sokoni. "Umemsikia mwenyewe?"

Msichana alikuwa akionyesha mstatili mweupe miguuni pake. Mama Pazia akauangalia. Ndani yake palikuwa pameandikwa kwa chaki: KITANDA. Pembeni: KABATI. Kule: CHOO. Na mstari wa mwisho uligusa mlango walioingilia: ROSHANI. Ndiyo maana mlango hufungwa. Ukifunguliwa, unafuta roshani.

"Mimi ndiye karani wa safari," alisema msichana. "Zamani nilikuwa nawaonyesha wateja picha. Halafu akaja mama mmoja aliyerudi safari, akanitukana hapa mbele za watu kwamba nilimlaza kwenye sanduku. Picha inadanganya, mama. Chumba kidogo kikipigwa picha kinakuwa ukumbi. Tangu siku ile nachora kila chumba kwa vipimo vyake, mteja analala, anageuka, anajua."

"Na wewe unalala naye," alisema Redio.

"Nalala mahali pa mke! Mzee aliniomba. Alitaka kujua akiamka atapita vipi kwenda roshani bila kumkanyaga mkewe."

Redio alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga choo.

Mama Pazia alianza kucheka, kisha akakitazama tena kile kitanda cha chaki. Kwa nini mtu apime namna ya kumpita mkewe kitandani? Miaka ishirini na saba amempita bila futi kamba.

"Nielezee hivyo vyumba," alisema. "Mpaka saa kumi tunatakiwa tuseme."

"Mistari myeupe ni chumba chenye roshani ya ndani. Kinatazama bustani iliyo tumboni mwa meli, miti ya kweli, viti, watu wanapita chini. Na ng'ambo unaziona roshani za abiria wenzako."

"Yaani nipande meli," Redio alisema, uhai umemrudia, "nivuke maji yote hayo, nikatazame kamba ya nguo ya jirani? Si nibaki uani kwangu?"

"Mistari ya buluu ni roshani ya bahari. Ukitoka nje, mbele ni maji mpaka macho yachoke. Ziko nyingine zinatazama bahari lakini zimezibwa na maboti ya uokoaji. Unafungua mlango, unasalimiana na boti. Na za nyuma kabisa zinatazama povu la meli, hizo zimekwisha zote. Mzee yeye hana habari nazo. Anapima hizi mbili tu, kila siku."

"Kila siku?"

"Siku ya nne leo. Mcheshi sana mzee wako, mama! Anapima amefumba macho."

Mama Pazia alikuwa ameinama kutazama mstari wa buluu. Hakuinuka.

"Amefumba macho vipi?"

"Anayafumba kabisa. Anaanzia kitandani, mkono mbele, anahesabu. Hatua nne hadi roshani. Sita hadi choo. Akigusa ukuta wangu anarudi kuanza upya. Akimaliza cheupe anahamia cha buluu. Leo nikamwuliza, mzee, tunacheza kombolela? Ndipo alipocheka vile."

Feni ilizunguka. Redio aliondoa mguu wake taratibu kwenye mstari wa buluu.

Mumewe ni mtu aliyekuwa akisimama ng'ambo ya barabara na kukuambia dirisha la ghorofa ya tano lina ufa mwembamba kama unywele. Sasa anatembea kwa kupapasa kwenye chumba cha chaki. Shati lililogeuzwa. Kidevu kilichochanjwa. Macho yanayopita begani. Mama Pazia alizipanga dalili zake upya, moja moja, na safari hii kila moja ilikaa mahali pake. Husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Yeye alikuwa na macho mawili mazima, na miezi mitatu hakutazama.

"Mama, nimesema vibaya?" aliuliza karani.

"Saa ngapi?"

"Tisa na dakika ishirini. Nakuomba usichelewe. Chumba cha ndani ghorofa ya tisa kimebaki kimoja tu, na kuna mteja mwingine anakitaka. Nimemwambia avumilie mpaka saa kumi. Mtanipigia?"

Lakini Mama Pazia alikuwa ameshatoka, na mlango ukaifuta roshani nyuma yake.

Redio alimkimbilia mpaka kona, pumzi juu. "Shoga, mimi nilisema nilichokiona."

"Najua."

"Sasa nifanye nini?"

"Nyamaza mpaka kesho. Utaweza?"

Redio akafikiri kwa uaminifu. "Mpaka jioni naweza," alisema.

Mzee Vioo alikuwa kwenye kibanda cha nyuma, kwenye mabaki yake ya kazi. Alisimama mbele ya kipande cha kioo kilichoegemezwa ukutani, akipitisha kidole gumba ukingoni taratibu, kama mtu anayesoma.

Mama Pazia aliingia kwa vidole vya miguu. Alisimama ubavuni pake, hatua moja tu. Akainua mkono, akaupunga karibu na sikio lake. Akaupunga tena, karibu zaidi, mpaka vidole vikakaribia kope.

Mzee hakupepesa.

"Nasikia unahema kama cherehani isiyo na mafuta," alisema bila kugeuka. "Sema."

Mkono ulimshuka wenyewe.

"Tangu lini, Baba Kimulimuli?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee. Natoka kukiona kitanda chako cha chaki."

Kidole kilisimama kwenye kioo. Akatafuta kigoda kwa mguu, akakipata, akaketi.

"Presha ya macho," alisema. "Daktari anasema pembeni kumekwisha. Katikati pamebaki tundu, kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Na lenyewe linaziba. Miezi, labda mwaka. Kilichokufa hakirudi."

"Na mimi ukanificha."

"Ningekuambia nini? Kwamba nilipokata pungufu kile kioo cha benki, wakadhani nimelewa, yalikuwa macho? Kampuni iliniaga kwa makofi. Niache niondoke na makofi yangu."

"Mimi ni kampuni?" Sasa sauti ilipanda. "Mimi nimekupigia makofi? Mimi niliyekugeuzia shati nikadhani una mwanamke!"

"Mwanamke?" Mzee alishangaa kwa dhati. "Mwanamke gani wa kunitaka na kidevu hiki?"

Alicheka yeye, akacheka na mke, na kicheko hakikudumu hata nusu dakika. Mama Pazia alikuwa ameanza kuzunguka kibanda, anashika hiki anaweka kile.

"Ndiyo maana umeng'ang'ania bahari."

"Miaka thelathini nimewafungia watu madirisha ya kutazama bahari. Namaliza, nafuta alama za vidole vyangu, nabeba mfuko wangu, nashuka ngazi za nyuma. Hata siku moja sikuketi nikatazama. Nilisema, kabla halijaziba..."

Hakumaliza. Na Mama Pazia hakumngoja amalize. Simu ilikuwa imeshatoka kwenye pindo la kanga.

"Imekwisha hiyo. Tunachukua bahari. Mtoto nitamwona bandarini, nitamwona kwenye korido, nitamwona nitakapomwona."

"Weka simu chini."

"Siweki."

"Mke wangu, weka!"

"Wiki tatu nakusumbua na bustani, na wewe unazama gizani peke yako! Acha nikufanyie hili moja."

"Mwambie ndani."

Kidole cha Mama Pazia kilibaki juu ya namba.

"Nini?"

"Roshani ya ndani. Ile ya mtoto."

"Si wewe uliyesema heri ulale chooni kuliko ukae kutazama bustani ya ndani ya chupa?"

"Nilikuwa naogopa."

"Bustani?"

"Mtoto."

Aliinua uso. Alimtafuta mkewe kwa lile tundu lake dogo, kichwa kikienda kushoto, kikirudi kulia, mpaka akampata. Akamshika hapo kwa macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu.

"Nilimwambia akivuka kizingiti changu kwenda kutandika vitanda vya watu, mimi sina binti. Akavuka. Mimi na bahari hatujagombana. Niliyegombana naye ni yule. Sasa nikae roshanini nahesabu mawimbi, na yeye yuko ukuta wa pili anakung'uta mito ya wageni? Kilichobaki hapa," akagusa kope zake, "hakitoshi vyote viwili. Nimelala kwenye vyumba vyote siku nne, nimegeuka huku na huku. Leo nimeamua. Piga kabla yule mwingine hajakichukua."

Saa ya simu ilisema kumi kasoro dakika tatu.

Alipiga. Iliita, ikaita. Ikakatika. Alipiga tena, na sasa mguu wake ulikuwa ukipiga sakafu kama unakanyaga cherehani. Kasoro moja.

"Haloo?"

"Ndani!" Mama Pazia alipayuka. "Ghorofa ya tisa! Ya ndani!"

"Mama Pazia? Yule mteja yuko hapa mbele yangu ameshika kalamu..."

"Mnyang'anye!"

Upande wa pili zilisikika sauti mbili zikibishana, kiti kikaburutwa, mlango ukabamizwa. Halafu pumzi.

"Nimeandika majina yenu," alisema karani. "Amenitukana, lakini nimeandika."

Mzee alitoa pumzi aliyokuwa ameibana. Furaha ikakaa kibandani kama mgeni ambaye hajapewa kiti. Mama Pazia hakuipa. Kidole chake kilikuwa kimeshakwenda kwenye namba nyingine, anayoijua bila kutazama.

Mzee alisikia milio. Mkono wake ulikuja mbele, ukakosa, ukarudi, ukamdaka kiwiko.

"Unampigia nani?"

"Mtoto wako. Meli imetia nanga leo, simu inashika. Ajue tunakuja chumbani kwake. Na ajue hali yako, apate kujiandaa."

"Kwamba tunakuja, mwambie. Hali yangu, hapana."

"Baba Kimulimuli, miaka mitano sijamficha mtoto huyu kitu. Hata meno yangu yakiuma anajua."

"Nisikilize." Vidole vilikaza. "Akijua mimi ni kipofu, atanisamehe mlangoni. Hata sitafungua mdomo. Nani atamkatalia kipofu? Sitaki msamaha wa huruma. Nataka nisimame, nimwombe radhi kama mtu mzima, na yeye awe huru kunikatalia. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Akinipokea, nijue nimepokewa mimi."

"Na atakapoingia utamwona vipi?"

"Wewe utakuwa nyuma yangu. Akiwa kushoto, nibonyeze bega la kushoto. Akiwa kulia, la kulia. Nitageuka. Ataona baba yake anamtazama. Siku ya kwanza tu. Baadaye mwambie utakavyo." Akameza mate. "Nakuomba unifichie hilo. Uniahidi."

Kimulimuli yule ana macho makali kuliko wote wawili. Na itakuwaje siku atakapogundua kwamba mama yake alijua, akamwacha amkasirikie baba asiyeona?

Kwenye simu milio ilikoma. Kukasikika ngurumo ya kifyonza vumbi, kikazimwa.

"Mama?"

Mzee aliganda. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa miaka mitano. Imekuwa nzito kidogo, ya mtu mzima.

"Mama, leo si Jumapili. Mbona unapiga? Kuna nini huko? Baba mzima?"

Vidole viliachia kiwiko. Mzee Vioo alikuwa amegeuza uso wote kuelekea simu, midomo inacheza, na neno lilimtoka bila sauti, mara moja, kisha mara ya pili.

"Niahidi."

"Mama? Nakusikia unahema. Nijibu."

Mama Pazia alisimama kati ya hao wawili, simu iko hewani, haijafika sikioni wala haijashuka. Tumwache hapo mpaka Jumamosi ijayo, msomaji wangu.